Niliwahamisha Lu Wakiwa Wamelala

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua niliwaachia wapi: nimekaa kwenye chumba changu kipya cha vioo, mwezi wa kwanza, nje maji ya ndoo yameganda mpaka chini, na mimi niko miguu mitupu kama malkia.

Asiyekuwepo nitamdokezea kidogo, tusiende mbio tukamwacha nyuma.

Naitwa Kunzes, mjane wa magoti mabovu. Mwanangu Paljor alipooa, nilihamia nyumba ndogo ya uani, kama desturi yetu inavyotaka: mwana akipata mke, wazazi hufungasha. Nyumba ile haioni jua kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Baridi tatu mfululizo nililala nimevaa kofia.

Ndipo Paljor akasema, "Ama," maana kwetu mama huitwa hivyo, "tujenge chumba cha vioo upande wa kusini wa nyumba kubwa. Jua litatupashia nyumba mwaka mzima bila kuni. Nawe utarudi ukae humo."

Nililia kwa furaha. Nililia mapema.

Kusini, pale pale jua linaposhinda, kilikuwepo kijumba cha lu. Kimo chake cha mbuzi, mawe na udongo, chokaa nyeupe, matawi ya kufukiza juu yake. Lu ni roho, ndio wenye maji na ardhi. Ukiwaudhi hawakupigi. Wanakutia vipele.

Meme Ishey, mzee wetu wa nyota, alifungua kitabu chake akasema, "Jengeni. Lakini msichimbe ndani ya hatua tisa kutoka kwa lu. Na kijumba kisiguswe."

Hatua tisa zilitupeleka nyuma ya nyumba, kaskazini. Chumba cha vioo kaskazini ni sawa na kuanika nguo uvunguni.

Basi nikasema tusubiri. Mimi ni mtu wa subira, kijiji kizima kinajua.

Wiki iliyopita niliandika kwamba Meme Ishey alirudi mwanzoni mwa masika, akapima upya, akakuta hatua tisa kamili, tukashukuru, tukajenga. Hamkuniuliza hatua ziliongezekaje. Ahsanteni.

Paljor aliuliza. "Ama, mbona nilidhani kijumba kiko karibu zaidi?"

"Ulipokuwa mdogo kila kitu kilikuwa karibu," nikamjibu.

Leo nasema lile nililoliruka.

Wakati wa baridi lu hulala. Kabla hawajaamka, siku mbili za sikukuu ya monasteri, kijiji kilikuwa kitupu. Paljor alikuwa kazini mjini Leh. Mkewe Chorol, tumbo limeshuka, alikuwa kwa wazazi wake akingoja kujifungua. Nikachemsha maji, nikayamwaga kwenye udongo ulioganda, nikakibomoa kijumba jiwe moja moja, nikakibeba kwa kikapu cha mgongoni. Hatua tano. Nikakijenga tena, nikapaka chokaa mpya.

Magoti yaliyoshindwa kupanda ngazi yaliweza kubeba mawe. Tamaa ni dawa.

Moyoni nilisema: mwenye usingizi mzito huhamishwa na kitanda chake, akiamka hajui.

Chini ya jiwe la mwisho nikakuta kitu kinang'aa. Kibweta cha sindano, cha fedha, na mnyororo wake umekatika.

Nilikaa palepale kwenye theluji.

Kibweta kile kilipotea miaka arobaini iliyopita, mimi nikiwa bibi harusi wa miezi minne. Kilikuwa cha mama mkwe wangu, alikining'iniza kiunoni. Walipekua matandiko yangu. Walimwaga mfuko wangu wa unga wa shayiri chini, wakaupepeta. Wifi yangu Landol, msichana wa miaka kumi na saba wakati ule, akasema mbele ya watu, "Kabla huyu hajaja, hatujawahi kupoteza hata uzi."

Kilichonizuia nisirudishwe kwetu ni kwamba nilikuwa na Paljor tumboni. Lakini tangu siku ile mimi ni mwizi wa sindano. Kwenye arusi, kwenye msiba, kwenye zamu ya maji ya shamba, Landol akiniona hushika kiuno chake kama anayehakikisha.

Na kibweta kumbe kilikuwa chini ya mawe yasiyoguswa na mtu!

Kibweta hakitembei. Kinadondoka kiunoni mtu akiinama kuinua kitu kizito. Mama mkwe wangu, aliyenizaba kofi kwa kutema mate hatua ishirini kutoka kwa lu, alishakihamisha kijumba yeye mwenyewe. Nikajua na sababu: alitaka nafasi ya jua. Kila baridi alikaa kwenye ukuta wa kusini, mgongo kwenye jua, akisokota sufu, amefumba macho kama paka. Alifika miaka tisini na mbili bila kipele hata kimoja.

Nikakitia kibweta kifuani. Ningemwonyesha nani? Kukionyesha ni kusema nilikitoa wapi.

Hapo ndipo tulipo. Sasa twende.

* * *

Chumba kile, wapendwa, kilikuwa na joto! Saa nne asubuhi siagi iliyeyuka yenyewe kwenye bakuli. Majirani walikuja kusalimia na hawakuondoka. Mimi nilipewa kazi moja tu: kumlea Rinchen, binti wa Chorol, miezi kumi, mashavu kama aprikoti za kukaushwa kabla hazijakaushwa.

Nilimlea kama nilivyolelewa. Shati la sufu, joho dogo, ngozi ya mbuzi, kofia ya masikio, na mkanda wa kufunga vyote.

Chorol akainama akamgusa shingoni. "Ama-le, mtoto anatoka jasho. Tumvue kofia?"

"Mwezi wa kwanza huu," nikasema. "Mtoto hatoki jasho mwezi wa kwanza."

"Lakini amelowa."

"Ni maziwa. Mfunge."

Akamfunga. Chorol ni msichana mtiifu, ndiyo shida yake.

Siku ya nne tangu nipewe kazi hiyo, Rinchen akaamka na vipele. Shingoni, kifuani, mgongoni, vidogo vyekundu, vimejaa kama mbegu za haradali. Akalia mpaka akakauka sauti.

Nilipoviona, nikachungulia kijumba kupitia vioo. Vipele ni barua ya lu. Na mimi nilikuwa najua anwani yake.

Nilifanya nini? Nilimwongeza ngozi ya pili ya mbuzi, asishikwe na baridi.

Wifi yangu Landol alifika kabla hata ya chai. Habari mbaya humfikia kwanza, nadhani wana mkataba. Alimtazama mtoto, akatazama nje kupitia vioo, akamtazama Chorol.

"Maji ya nepi unamwaga wapi, binti?"

"Pale nje, shangazi. Karibu na njia."

"Karibu na njia, karibu na lu?"

"Si karibu sana..."

"Yenye sabuni?"

Chorol akatazama mikono yake. Nani anafua nepi bila sabuni?

"Nesi Hakima anapita keshokutwa kuchanja watoto," akasema Chorol taratibu. "Tumngoje amwone."

"Nesi anajua sindano," akasema Landol. "Lu atawajulia wapi?" Akanigeukia mimi na kutabasamu. "Ingawa kuhusu sindano, hapa ndani tunaye mjuzi mwingine."

Akashika kiuno chake.

Kibweta kilikuwa kifuani kwangu, kinanichoma kama kaa la moto. Nikamimina chai.

* * *

Meme Ishey alikuja siku ya pili. Alivua joho la nje mlangoni, akavua na la ndani, akafuta jasho kipajini, akasema, "Chumba hiki kina baraka." Kisha akarusha dadu zake tatu, akafungua kitabu, akasoma kwa kidole.

"Lu wamekasirika," akasema. "Kuna mwanamke wa nyumba hii amewagusa."

Wanawake tulikuwa wanne humo ndani, ukimhesabu na mtoto. Macho yote yakamwendea mmoja.

"Mimi?" akasema Chorol.

"Sijasema jina," akasema Meme Ishey. "Dadu hazisemi majina."

"Hazihitaji," akasema Landol.

Hukumu ikapangwa, na Landol ndiye aliyeipanga, mzee akiitikia kwa kichwa. Chorol arudi kwa wazazi wake, nusu siku ya gari ukiteremka na mto, akae huko mpaka mwaka mpya wa kalenda yetu upite na maombi yasomwe. Mtoto abaki.

"Abaki vipi?" Chorol akasimama. "Ananyonya!"

"Atakunywa maziwa ya ng'ombe. Unataka umpeleke na hasira ya lu mgongoni?"

"Paljor!" Chorol akamwita mumewe. "Sema kitu!"

Paljor alikuwa akiitazama simu yake kana kwamba jibu lingetokea humo. "Ni mpaka mwaka mpya tu," akasema.

"Mpaka mwaka mpya maziwa yangu yatakuwa yamekauka!"

Mtoto alikuwa analia. Meme Ishey akageuza ukurasa ambao hakuhitaji kuugeuza.

Mwasema, Kunzes, si hapo ungefungua mdomo? Ndiyo. Hapo palikuwa mahali pazuri sana. Lakini nilipiga hesabu yangu. Nikisema, vioo vinang'olewa, kijumba kinarudi, na mimi narudi nyumba ndogo na kofia yangu. Nikinyamaza, msichana analia wiki chache, kisha anarudi. Wakati wangu mimi nililia, na sikufa.

Tazama moyo wa mtu unavyoweza kusuka kamba ya kumfunga mwingine kwa nyuzi za jeraha lake mwenyewe.

Jioni nilimkuta Chorol jikoni, amenipa mgongo, analia. Nikamimina chai ya siagi, nikamwekea mkononi.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Subira huvuta heri."

Akanishika mkono akaubusu. "Wewe tu ndiye unayenionea huruma humu ndani, Ama-le."

Ile chai hata mimi sikuweza kumaliza yangu.

* * *

Siku ya tatu, asubuhi. Paljor aliweka sufuria ya makaa chini ya injini ili dizeli iliyoganda iyeyuke, akasema gari litakuwa tayari baada ya nusu saa. Kifurushi cha Chorol kilikuwa mlangoni. Tulikaa kwenye chumba cha vioo, sote, jua limejaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Nesi Hakima alikuwa ameonekana barabarani, lakini aliingia kwanza kwa jirani, na jirani yetu hamwachii mtu kabla ya kikombe cha tatu.

Chorol alikuwa akimnyonyesha Rinchen mara ya mwisho. Hakulia. Alikuwa anamhesabu vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayekabidhi mali na anataka iandikwe.

Ningeweza kuvumilia hilo. Mimi ni mtu wa subira. Nililoshindwa kuvumilia ni Landol.

"Nyumba hii ina bahati mbaya na mabibi harusi," akamwambia Meme Ishey, sauti ya kusikika. "Marehemu mama yangu alipata mwizi wa sindano, tukanyamaza. Sasa kaka yangu, huko aliko, amepata mchafua lu. Laiti yule wa kwanza tungemrudisha kwao, huyu wa pili angejifunza."

Chorol akainua uso. "Mnisingizie mimi," akasema. "Ama-le mwacheni. Hajaiba kitu huyu."

Ndiyo, wasomaji wangu. Dakika ishirini kabla ya kunyang'anywa mtoto wake, alinitetea mimi.

Mkono wangu uliingia kifuani wenyewe. Nikakiweka kibweta juu ya meza fupi, katikati ya vikombe.

Hakikulia sana. Lakini kila mtu alikisikia.

Landol akakichukua, akakigeuza, akaufuata mnyororo kwa kidole mpaka pale ulipokatika. Midomo yake ikawa myeupe.

"Cha mama," akasema. "Kumbe kweli ulikuwa nacho."

"Tangu mwisho wa baridi iliyopita tu. Kilikuwa chini ya kijumba cha lu. Chini kabisa."

"Chini..." Meme Ishey akafunga kitabu. "Nani alifika chini ya kijumba?"

"Mimi. Nilikibomoa, nikakihamisha. Wakiwa wamelala."

"Ama!" akasema Paljor kutoka mlangoni.

"Hatua ngapi?" akauliza Meme Ishey.

"Tano."

"Nilipima mwenyewe! Zilikuwa tisa!"

"Ulipima vizuri, Meme. Ulipima kutoka pale nilipokihamishia."

Mzee akahesabu kwa vidole. Nadhani kilichomuuma si lu, ni kwamba alikuwa amewasimulia vijiji vitatu jinsi nyota zilivyokubali chumba chetu.

"Basi Chorol hana kosa," nikasema. "Maji ya sabuni ni maji tu. Vipele ni vyangu. Ng'oeni vioo, nirudi nyumba ndogo. Mtoto abaki na mama yake."

Nilihisi mwepesi. Nakwambieni nilihisi mwepesi kama mtu aliyetua kikapu cha mawe. Nikamtazama Chorol, nikingoja anishukuru.

Mlango ukafunguliwa.

"Julley, julley! Jamani, humu mnaoka mikate?" Nesi Hakima akavua koti, akavua shali, akavua na sweta. Akamwona Rinchen. "Ee! Na huyu, nani kamfungasha hivi kama zawadi?"

Akamlaza mtoto kwenye zulia, akafungua mkanda, ngozi ya kwanza, ngozi ya pili, joho, shati. Kila alichovua kilikuwa kimelowa. Akavitazama vile vipele, akacheka.

"Harara hii! Vipele vya joto. Nilipokuwa kazini Jammu, kule bondeni kwenye joto, nilikuwa navitazama kuanzia asubuhi mpaka jioni, mwezi wa sita."

"Joto?" akasema Landol. "Mwezi wa kwanza?"

"Shangazi, tazama kipajini kwako. Mpanguseni na maji ya vuguvugu, mwacheni na shati moja tu, na fungueni kioo kile cha juu. Keshokutwa vitakuwa vimekauka."

Rinchen akatupa miguu hewani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, akacheka.

Vikombe vitatu vya chai kwa jirani! Kama nesi angekunywa viwili tu, nisingehitaji kusema neno. Lu walikuwa hawajakasirika. Labda hata hawajaamka. Siri yangu ningezikwa nayo, katika joto.

Wanasema subira huvuta heri. Mimi nilisubiri siku tatu nilipotakiwa kusema, nikaja kusema wakati nilipotakiwa kusubiri kidogo tu.

Lakini nilijipa moyo: angalau msichana yuko salama. Nikamgeukia.

Chorol alikuwa amesimama. Alimvika Rinchen shati kavu, akamfunga mgongoni, akamfunika kwa joho lake mwenyewe. Akachukua kifurushi chake.

"Unakwenda wapi?" akasema Paljor. "Hufukuzwi tena."

"Najua. Sasa nakwenda mwenyewe."

"Injini haijapata moto!"

"Nitatembea mpaka barabarani."

Akaja akasimama mbele yangu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ama-le, siku ile nilikwambia anatoka jasho. Ukakataa. Hilo nimekusamehe, hukujua. Lakini la mawe ulijua."

"Mwanangu..."

"Ulijua siku ya kwanza. Ulijua jana. Ulinitazama nikilia, ukanimiminia chai." Akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu zote za bibi harusi mwema. "Baki na jua lako."

Akatoka. Kupitia vioo nilimwona anapita uani, kofia ya mtoto inachungulia begani. Paljor akamkimbilia, akarudi kuchukua koti, akatoka tena bila koti.

Nikajaribu kuinuka. Mkono ukanishika kwenye kiwiko.

Alikuwa Landol. Kibweta kilikuwa ndani ya ngumi yake, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo. Alirudi kuwa yule msichana wa miaka kumi na saba, ila huyu alikuwa na hofu.

"Kunzes," akasema. Miaka arobaini hakuwahi kuniita jina langu. "Mnyororo huu ulikatika kiunoni kwake. Niambie. Mama yangu alikuwa anatafuta nini chini ya mawe yale?"

Miaka arobaini nilingoja mtu wa nyumba hii aniulize badala ya kunihukumu. Jibu lake ni neno moja, na lile neno lilikuwa limepita vioo, limejaa chumba kizima, limetulalia mabegani sisi sote.

Nje, lango la uani likalia.

Nikainama kutafuta viatu vyangu. Sikuwa nimevivaa tangu chumba kilipokamilika, na sikukumbuka niliviweka wapi. Na Landol hakuniachia mkono.